Imani, Mtoto na Benchi la Shule: Malezi Yasiyo na Darasa Katika Kalehe

Ibara ya 43 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina kauli mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu kama majirani wasiosemezana. Ya kwanza yawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu watakayowapa watoto wao. Ya pili yasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na kwamba katika shule za umma ni ya bure. Mzazi Mkristo wa Kalehe anayetaka kumlea mwanawe ndani ya imani bila kumkalisha juu ya benchi la shule anasimama kati ya kauli hizo mbili. Na kabla hatujamhukumu kuwa mwasi wa sheria, au kumsifu kuwa shujaa wa dini, yatupasa kuuliza ni kitu gani hasa anachokitaka, kimetoka wapi, na katika nyumba ya mkulima au mvuvi wa ufuko wa magharibi wa Ziwa Kivu kitaishi kwa gharama ya nani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Yuko mzazi anayeihamisha shule na kuileta sebuleni kwake: saa ni zile zile, vitabu ni vile vile, ila mwalimu amekuwa mama au baba. Huyo hakuiacha shule. Amebadili jengo tu. Susanna Wesley, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, aliwasomesha watoto wake katika nyumba ya kasisi huko Epworth, Uingereza, kwa saa maalumu na nidhamu ambayo walimu wengi wa leo wasingeithubutu. Na yuko mzazi wa namna ya pili, anayeitakidi kwamba mtoto huzaliwa na shauku ya kujua, kwamba shauku hiyo hufifishwa na kengele, alama na hofu ya mtihani, na kwamba wajibu wa mkubwa ni kumweka mtoto karibu na kazi, watu, vitabu na ibada, kisha kumjibu anapouliza. Huyu wa pili ndiye tunayemzungumza.

Fikra hiyo ilipata jina lake Marekani mwaka 1977, katika jarida dogo la John Holt, mwalimu aliyekwisha kukata tamaa ya kuitengeneza shule kutoka ndani. Miaka sita kabla yake Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa kasisi Mkatoliki hadi alipoiacha huduma hiyo mwaka 1969, alikuwa ametoa kitabu chake cha kuitaka jamii ijinasue na shule. Naye alikiandika akiwa Cuernavaca, Mexico, akiwatazama maskini wa Amerika ya Kilatini wakigharimia shule ambazo ziliwapa watoto wao jambo moja kwa yakini, nalo ni kujiona wameshindwa. Aliiona shule kuwa kanisa jipya, lenye ibada zake, makuhani wake na ahadi yake ya wokovu. Kwa rai yangu Illich alisema na watu wa Kalehe kuliko alivyosema Holt, ijapokuwa wanaomtaja leo ni watu wa miji ya kitajiri. Kati ya Illich na jarida la Holt wakaja Raymond na Dorothy Moore, mume na mke Waadventista, ambao katika kitabu chao cha 1975 walishauri mtoto asiharakishwe darasani, bali aachwe nyumbani hadi umri wa miaka minane au kumi. Na kwa mlango huo fikra ikaingia katika makanisa ya Kiinjili ya Marekani.

Ilipoingia kanisani ilikutana na mushkili wa itikadi. Holt aliamini kwamba mtoto akiachwa huru atachagua mema. Mkristo aliyefundishwa habari za dhambi ya asili hawezi kukubali hivyo bila kusitasita, maana kwake mtoto ni kiumbe mwenye heshima, lakini moyo wake nao wahitaji kuongozwa na kukanywa. Watetezi wa Kikristo hujibu kwa Torati, ambako wazazi waagizwa kuzungumza na watoto juu ya maneno ya Mungu wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakilala na wakiamka, pasipo kutajwa darasa. Na kwa Injili ya Luka, ambako kijana wa miaka kumi na miwili, aliyekulia katika nyumba ya seremala, akutwa hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza. Hoja iliyo na nguvu zaidi, nionavyo, haitegemei kwamba mtoto ni mwema. Yategemea kwamba imani hupatikana kwa kukaa na walio nayo, na kwamba somo la dini la dakika chache kati ya hesabu na jiografia haliwezi kufanya kazi hiyo. Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, liliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na walio wakuu, kisha katika tamko hilo hilo likazisifu shule zake na kuwahimiza waumini wazitumie. Haki ikatolewa, na njia ya kuitumia ikaonyeshwa papo hapo.

Katika Kivu, hata hivyo, hoja hii inaingia nyumba iliyo na mwenyewe, na mwenyewe huyo ni Kanisa. Ukristo haukuja Kongo ukiwakuta watoto shuleni ukawarudisha kwa wazazi. Ulikuja ukiwatoa kwa wazazi na kuwatia shuleni. Amri ya Mfalme Leopold ya mwaka 1890 iliunda makambi ya kusomeshea watoto waliohesabiwa kuwa yatima au waliotoka utumwani, na Majezuiti wa Kwango wakaanzisha mashamba yenye kikanisa, ambamo watoto waliishi, walilima na kufundishwa mbali na vijiji vyao. Hata tume ya uchunguzi iliyotumwa na Leopold mwenyewe, ilipotoa taarifa yake mwaka 1905, iliulaumu utaratibu huo, kwa kuwa wengi wa hao yatima walikuwa na jamaa. Tarehe 26 Mei 1906 serikali ya Leopold na Vatikano zikatiliana sahihi mapatano: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Mapadri Weupe, waliokuja pande hizi za maziwa, walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, ya miaka minne ya kumwandaa mtu kwa ubatizo, na katika miaka hiyo katekista alikuwa mwalimu wa sala na wa herufi pia. Toka 1925 serikali ya Kibelgiji ikazipa shule za Wakatoliki ruzuku. Waprotestanti walingoja hadi 1948.

Kwa hiyo mhubiri akifika leo akasema kwamba shule ni ya dunia na nyumba ni ya Mungu, mzee wa Kalehe ana haki ya kustaajabu, maana babu yake aliambiwa kinyume chake, na walioyasema walikuwa na misalaba vifuani. Na si Wakatoliki peke yao. Wapentekoste wa CEPAC, ambao asili yao ni wamisionari wa Uswidi waliofika Uvira mwaka 1921, wana shule kila mahali walipo na kanisa, na Wabatisti wa CBCA kadhalika. Uswidi yenyewe, nitaje jambo hili kwa kupita tu, ilitunga mwaka 2010 sheria ya elimu ambayo karibu imefunga kabisa mlango wa kumsomesha mtoto nyumbani, na imani ya wazazi haihesabiwi kuwa sababu. Na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2006 na tena 2019, iliiunga mkono Ujerumani dhidi ya wazazi Wakristo waliodai haki hiyo. Marekani ndiko mlango ulikofunguka: mwaka 1972 mahakama yake kuu iliwaruhusu Waamishi kuwatoa watoto wao shuleni baada ya mwaka wa nane.

Upo wakati mmoja katika historia ya Kongo ambapo malezi ya imani yalirudishwa nyumbani kwa nguvu, nao unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mifano ya ng'ambo. Mwisho wa 1974 Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa, akaliondoa somo la dini na mahali pake akaweka mafunzo ya siasa ya chama chake, MPR. Hata Krismasi ikakoma kuwa sikukuu ya taifa. Makanisa hayakuwatoa watoto shuleni. Yaliwaacha huko wajifunze kuandika, na imani ikashikiliwa parokiani, katika familia, na katika jumuiya ndogo za kikristo ambazo watu wa Bukavu na vijiji vyake huziita shirika, ambako jirani humsomea jirani Maandiko na mtoto hukaa kati ya wakubwa akisikia jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba unavyosuluhishwa kwa sala na kwa maneno. Februari 1977 serikali, ikiwa imeshindwa kuziendesha shule, ikafanya mapatano ya kuzirudisha kwa makanisa, na hadi leo shule nyingi za nchi hiyo ni za umma zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti au Waislamu. Miaka ile michache ilithibitisha kwamba imani yaweza kusimama pasipo shule. Haikuthibitisha kwamba mtoto aweza.

Kisha likaja jambo ambalo mgeni asipolijua hataelewa kwa nini mzazi wa Kalehe haisikii lugha ya kuikimbia shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dola ilipokoma kuwalipa walimu kitu cha maana, wazazi, kwa mpango uliobuniwa na makanisa yenyewe, walianza kuwalipa kutoka mifukoni mwao. Na mzigo huo wakauchukua kwa zaidi ya robo karne, wakiuza maharagwe, mihogo, kahawa na mbuzi, hadi serikali ilipotangaza elimu ya bure mnamo Septemba 2019. Mama aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili mwanawe asifukuzwe darasani haioni shule kama gereza la akili. Kwake ni kitu alichokinunua. Tangazo la 2019 lilipowaingiza watoto wengi kwa mara moja, madarasa yakafurika, walimu wengi wakabaki nje ya orodha ya mshahara, migomo ikawa ada mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Na hapo kwa mara ya kwanza baadhi ya wazazi wenye kisomo wakaanza kujiuliza, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekaa chini sakafuni kati ya wenzake wasiohesabika anajifunza kitu asichoweza kukipata nyumbani.

Swali hilo ni la haki, kwa maana mtoto wa Kalehe hujifunza mengi nje ya shule. Tuchukue ukanda wa ziwani, kutoka Minova kushuka hadi Kalehe yenyewe. Samaki wanaoitwa sambaza, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku usio na mwezi kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, yenye taa za kuwavuta juu, na wavuvi hupiga kasia kwa wimbo. Kijana anayekwenda na baba yake katika safari hiyo ajifunza upepo, uzito, subira na utii kwa kiongozi wa chombo. Asubuhi, dada yake anayeuza samaki hao kwa kopo sokoni hubadili dola kuwa faranga na faranga kuwa dola kichwani, kwa bei inayogeuka kila juma, upesi kuliko mwanafunzi wa mwaka wa sita mwenye kalamu. Jioni wote wawili wako kwaya, wakishika sauti zao bila kuona noti. Vyama vya vijana navyo hufanya kazi ya namna hiyo: Xaveri, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe, imewalea vizazi kadhaa kwa michezo, nyimbo, safari na huduma kwa wagonjwa, pasipo ubao wala chaki.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa sala za kila siku, alilalamika mwezi Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni humtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adharau elimu ya wazee wasiosoma. Lalamiko hilo lingeandikwa Kalehe bila kubadilishwa ila majina. Lakini dawa aliyoitaja Nyerere ilikuwa kulitia shamba ndani ya shule. Hakushauri mtoto abaki nyumbani, na nadhani alijua sababu.

Sababu ni kwamba malezi yasiyo na darasa yana sharti lisilosemwa na wanaoyahubiri, nalo ni mtu mzima mwenye wasaa. Katika nyumba za Marekani ambako njia hii imestawi, aghalabu mzazi mmoja hulipwa mshahara unaotosha wote, na mwingine hubaki na watoto, kati ya vitabu, na maji hutoka mferejini. Huku Kalehe, katika Buhavu au Buloho, mama huamka kabla ya jua, huteka maji, hulima, hubeba mzigo hadi sokoni, hurudi kupika. Baba yuko ziwani, au shambani, au amekwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya kasiterite ya Nyabibwe au ya koltani huko Numbi. Ni nani atakayemjibu mtoto anapouliza? Uhuru ambao huko ng'ambo hulipiwa kwa mshahara wa mzazi, hapa hulipiwa kwa siku ya mtoto. Na katika watoto, msichana ndiye hulipa kwanza: ndiye ambebaye mdogo wake mgongoni, ndiye ashikaye dumu la maji, naye akishatoka katika daftari la mahudhurio hakuna jicho la nje linalomwona anapoanza kuposwa, ijapokuwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza ndoa kabla ya miaka kumi na minane. Mvulana ataonekana machimboni, akiosha mchanga. Wazazi wake hawatakuwa wamekusudia hivyo. Waliazimu kumlea kwa hiari na sala, nayo njaa ikaamua vingine.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye imani thabiti hushinda hali hizo. Sidhani. Imani yaweza kumpa mama uvumilivu, haiwezi kumpa saa za ziada mchana.

Liko na neno la utawala. Kivu inawakumbuka Wakitawala, waliotokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyopenya Kongo kutoka kusini, ambao mwaka 1944, wakiongozwa na Bushiri, waliinuka dhidi ya Wabelgiji katika nchi za Lubutu na Masisi na wakakandamizwa kwa ukali. Na baadhi ya makundi yao hata baada ya uhuru yamejitenga na daftari za serikali, na chanjo, na shule. Yamkini msimamizi wa eneo akisikia kwamba familia ya walokole imewatoa watoto shuleni kwa ajili ya dini, hatamkumbuka Holt wala Illich, atawakumbuka hao. Familia hiyo itajikuta imeingia katika hesabu ya wenye kuikataa dola, ilhali ilitaka tu watoto wasali na wasome kwa raha.

Na kwa miaka hii ya karibuni watoto wa Kalehe wamebaki nyumbani pasipo mtu kuchagua. Tarehe 4 Mei 2023 mito iliyofurika iliporomosha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya mia nne na kuzoa nyumba, soko na madarasa. Januari 2025 Minova ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, Februari Bukavu yenyewe, na kati ya miezi hiyo miwili mapigano yakapita katika vijiji vya barabara ya ziwani. Shule zikafungwa, nyingine zikawa malazi ya waliokimbia. Asemaye kwamba huo ulikuwa mtihani wa elimu ya nyumbani amekosea, kwani nyumba iliyo katika hofu ni maficho tu. Hata hivyo palikuwa na tofauti iliyoonekana wazi. Mahali ambapo shirika lilikuwa hai, ambapo katekista au mwalimu asiyelipwa aliwakusanya watoto chini ya paa lolote, akawasomea Injili kwa Kiswahili na kuwaandikisha majina yao kwa mkaa, kitu kiliendelea. Mahali palipokuwa na familia moja moja, kila moja na mlango wake, hakikuendelea. Hili naliona kuwa pingamizi kubwa kwa umbo ambalo fikra hii imeletwa nalo, maana huko ilikozaliwa yasema juu ya familia, na hapa penye nguvu ni ujirani.

Imebaki lugha, na cheti. Kwa utaratibu wa masomo, mtoto wa Kivu huanza kufundishwa kwa Kiswahili katika miaka miwili ya mwanzo, kisha Kifaransa hushika hatamu. Nyumbani Kalehe huzungumzwa Kihavu, sokoni na kanisani Kiswahili. Kwa imani hilo si tatizo, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili na kitabu cha nyimbo viko katika nyumba nyingi kuliko kitabu kingine chochote, na mtoto aliyejifunza kusoma kwa Zaburi amejifunza kusoma. Kwa cheti ni ukuta. Mtihani wa Taifa, ule wa kumaliza sekondari, ni kwa Kifaransa, na bila huo hakuna uuguzi, ualimu, wala seminari; naam, hata upadri, kilele cha ndoto ya wazazi wengi wa Kikatoliki, hupitia mtihani huo huo.

Sheria imeacha milango miwili midogo. Mmoja ni wa mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe, ambaye aweza kufanya Mtihani wa Taifa baada ya kupita majaribio ya awali. Mwingine ni vituo vya kufidia masomo, vinavyowapokea watoto wa miaka tisa hadi kumi na mitano na kuwapitisha miaka sita ya shule ya msingi katika miaka mitatu. Mwenye kuusoma ushauri wa Moore na mkewe sambamba na utaratibu huo ataona vinakutana mahali pamoja: mtoto angeweza kulelewa nyumbani na katika shirika hadi miaka tisa, akajua sala, Kiswahili cha kusoma, hesabu za sokoni na kazi za ziwani, kisha akaingia kituoni na asipoteze cheti. Ni njia ambayo mzazi mwenye kisomo na nafasi angeweza kuitetea mbele ya padri au mchungaji wake, na hata mbele ya mkaguzi, kwa Ibara ile ile ya 43. Ila vituo hivyo viliwekwa kwa ajili ya yatima, waliokimbia vita na wale ambao umaskini uliwanyima shule, navyo ni vichache. Na mkuu wa kituo, akiwa na nafasi moja na mbele yake watoto wawili, mmoja aliyefiwa Nyamukubi na mwingine ambaye baba yake, mwenye uwezo, alipenda tu asubiri, atamwandika wa kwanza, nami katika hilo sina la kumlaumu.